Kilo za jirani: kutafuta migongano ya data ndani ya kerneli

Mama huyo alikuwa ameishika risiti yake kwa vidole viwili, akiinyoosha kuelekea kwenye taa ili aisome vizuri. Jua lilikuwa bado halijachomoza. Tulikuwa katika kituo cha kukusanyia maziwa huko juu Molo, na baridi ya alfajiri ilikuwa imewafanya watu wote kwenye foleni waingize mikono ndani ya makoti. Karani alimimina maziwa yake kwenye ndoo ya mizani, mashine ikalia, printa ndogo ikatoa karatasi, na foleni ikasogea. Mama hakusogea.

"Mwanangu," aliniambia, kwa kuwa mimi ndiye niliyesimama kando ya mashine nikiwa na kompyuta, "hizi si kilo zangu. Hizi ni za huyu aliyenitangulia."

Nilizichukua risiti zote mbili nikazilinganisha. Nambari za wakulima zilitofautiana, saa zilitofautiana, lakini uzito ulikuwa ule ule hadi gramu ya mwisho. Nikamwomba radhi, karani akapima upya, mashine ikatoa uzito mwingine kabisa, na mama akaenda zake akiwa ameridhika.

Mimi sikuridhika.

Mikebe miwili ya maziwa kutoka ng'ombe tofauti hailingani hadi gramu. Mizani ilikuwa sawa, betri ilikuwa sawa, na kipimo cha pili kilikuwa sahihi. Katika barabara ya kurudi Kisumu kupitia Kericho nilikuwa na dhana moja tu kichwani, nayo ni ile ambayo kila mtu anayeandika msimbo wa kerneli, yaani moyo wa mfumo wa uendeshaji, huiogopa: kwamba hakuna kitu kilichoharibika, bali mambo mawili yalitokea kwa mpangilio ambao hakuna aliyeukusudia.

Bendera na mzigo wake

Mashine zile zina ubao mdogo wenye prosesa ya ARM ya biti 64 na viini vinne, na juu yake kuna Linux. Draiva ya mizani, yaani programu inayoiunganisha mizani na Linux, ambayo karakana yetu iliirithi pamoja na mkataba wa kuitunza, ina sehemu mbili zinazozungumza. Uzi mmoja, yaani mfululizo wa maagizo unaokwenda peke yake, hupokea sampuli kutoka kwenye kigeuzi cha mizani, husubiri uzito utulie, kisha huuweka mahali pa pamoja na kupandisha bendera, kigeu kidogo kinachosema kwamba uzito uko tayari. Uzi mwingine husubiri bendera ipande, hunakili uzito, kisha huishusha. Nikiondoa mapambo yote, msimbo ulikuwa huu:

uzito = kipimo;
tayari = 1;

na upande wa pili:

while (!tayari) cpu_relax();
nakala = uzito;
tayari = 0;

Mtu akiusoma kutoka juu kwenda chini hauna kasoro. Uzito huandikwa kwanza, bendera hupandishwa baadaye, na msomaji hagusi uzito kabla ya kuiona bendera. Tatizo ni kwamba kompaila, programu inayougeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa, haikuahidi kuuheshimu mpangilio huo, na prosesa ya ARM haikuahidi pia. Andiko la bendera linaweza kuonekana kwenye kiini kingine kabla ya andiko la uzito. Hapo msomaji ataikuta bendera iko juu na uzito wa zamani bado uko mahali pake, na uzito wa zamani ni wa mkulima aliyetangulia.

Hiyo ndiyo risiti ya mama yule.

Lakini dhana nzuri si ushahidi. Dirisha la hitilafu kama hii ni dogo mno, sehemu ndogo ya milioni ya sekunde, na linahitaji viini viwili vikutane hapo hapo. Mashine inaweza kupima maziwa msimu mzima bila kulipata. Kwenye kompyuta yangu ya kazi, ambayo ni ya x86, familia nyingine ya prosesa, dirisha hilo halipo hata kidogo kwa upande wa maunzi, kwa sababu prosesa za x86 hazibadilishi mpangilio wa maandiko mawili mbele ya viini vingine, wala wa masomo mawili. Ningeweza kuuendesha msimbo ule mezani kwangu mpaka nichoke, na usingekosea.

Ripoti ya kwanza na kimya cha kwanza

Mwenzangu ofisini ndiye aliyependekeza tuijenge kerneli yenye KCSAN, kigunduzi cha migongano ya data kilichoingia katika Linux toleo la 5.8, mwaka 2020. Mgongano wa data ni nyuzi mbili kuigusa kumbukumbu ile ile kwa wakati mmoja bila usawazishaji, angalau mmoja ukiandika. Tuliandika mizani ya bandia inayotoa vipimo kwa kasi kubwa kuliko ya kweli, tukaiwasha, na haukupita muda mrefu skrini ikajaa. BUG: KCSAN: data-race, ikifuatiwa na majina ya kazi mbili (vipande vya msimbo vyenye jina), anwani ya kumbukumbu, ukubwa wa data, na nambari za viini viwili. Kigeu kilichotajwa kilikuwa ile bendera yetu, iitwayo tayari.

Mwenzangu aliifunga bendera ndani ya WRITE_ONCE na READ_ONCE, akajenga upya, akaendesha tena. Kimya.

Alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Kabla ya hapo kompaila ilikuwa na uhuru wa kuisoma bendera mara ya ziada, kuiandika mara mbili, au kuigawa vipande. Sasa uhuru huo umeondolewa. Ila READ_ONCE na WRITE_ONCE hazisemi lolote kuhusu mpangilio wa bendera na uzito kwenye prosesa. Zinalinda kila ufikiaji peke yake. Uhusiano kati ya ufikiaji mmoja na mwingine haziugusi, na risiti ile ilihusu uhusiano huo hasa.

Kwa hiyo tulikuwa na ripoti iliyotoweka na hitilafu ambayo, kwa hesabu yangu, ilikuwa bado ipo. Hili ndilo lililonisumbua kwa wiki nyingi. Jambo baya zaidi halikuwa kwamba chombo hakikuiona hitilafu. Ni kwamba tulikiuliza chombo swali moja, tukakipokea kimya chake kama jibu la swali lingine.

Chombo hiki hutazamaje

Nililazimika kurudi nyuma na kuelewa KCSAN inafanya nini hasa, kwa sababu mtu hawezi kukifasiri kimya cha kitu asichojua kinasikiliza vipi.

Kuna njia kuu mbili za zamani. Ya kwanza ni kufuatilia kufuli, zile zinazouruhusu uzi mmoja tu kupita kwa wakati mmoja: kwa kila kigeu, angalia ni kufuli gani hushikiliwa kila kinapoguswa, na ikiwa hakuna kufuli moja inayojirudia, piga kelele. Eraser, ya mwaka 1997, ndiyo iliyoifanya njia hiyo ijulikane. Ndani ya kerneli njia hii huumia, kwa kuwa sehemu kubwa ya msimbo hailindwi kwa kufuli bali kwa kuzima makatizo (ishara za vifaa zinazoisimamisha prosesa kwa muda), kwa bendera kama yetu, au kwa RCU, mbinu ya usawazishaji ya Linux ambako msomaji hashiki kufuli yoyote kwa makusudi. Njia ya pili hutokana na wazo la Leslie Lamport la mwaka 1978 kuhusu tukio lipi limetangulia lipi: fuatilia kila tendo la usawazishaji, jenga saa za kimantiki kwa kila uzi, na ulizia kama matukio mawili yana uhusiano wa kutangulia. Ni sahihi zaidi, lakini hula kumbukumbu nyingi, na hudai kwamba kigunduzi kielewe kila mbinu ya usawazishaji iliyomo ndani ya kerneli. Watu wa Google walijaribu kitu cha namna hiyo kwa Linux, kilichoitwa KTSAN, na hakikuwahi kuingizwa katika kerneli rasmi.

KCSAN ilichukua njia ya tatu, ile iliyoonyeshwa mwaka 2010 na watafiti wa Microsoft kwa chombo chao DataCollider kwenye kerneli ya Windows. Wazo lake ni jepesi kiasi kwamba nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani nimeruka ukurasa. Chagua ufikiaji mmoja wa kumbukumbu. Weka mtego kwenye anwani hiyo. Mzuie kwa muda kidogo huyo anayetaka kuigusa. Ikiwa katika muda huo mwingine atakuja kuigusa anwani ile ile, na angalau mmoja wao anaandika, basi umewakamata wote wawili wakiwa papo hapo. Hakuna haja ya kujua kufuli gani zipo. Wamekutana, basi.

DataCollider ilitumia rejista za mitego zilizomo ndani ya prosesa, na x86 ina nne tu. KCSAN huweka mitego yake kwa programu: kompaila hupachika mwito mdogo kabla ya kila usomaji na kila uandishi, na mwito huo huangalia kama anwani hiyo imetegwa. Kwa mipangilio ya kawaida kila kiini huruka takribani fikio 4000 kabla ya kutega mtego mwingine, na uzi uliotega husubiri kwa mikrosekunde zisizozidi 80, au 20 ikiwa ni ndani ya katizo. Ni kama mkaguzi anayepanda matatu moja kati ya nyingi na kushuka baada ya vituo viwili: akikuta kosa, kosa lipo kweli, asipolikuta, hajasema chochote kuhusu matatu nyingine.

Hata kwa sampuli hizo chache chombo hiki kina nguvu. Kilipotangazwa mwaka 2019, kikiwa kimeunganishwa na roboti ya syzbot inayoitesa kerneli kwa miito ya nasibu, waandishi wake waliripoti zaidi ya migongano 300 tofauti.

Angalieni, hata hivyo, kinachohitajika ili mtego unase. Watu wawili lazima wakutane kwenye anwani moja kwa wakati mmoja. Katika draiva yetu, msomaji huugusa uzito baada ya bendera kupanda, na mwandishi huugusa baada ya bendera kushuka. Maadamu kompyuta inautekeleza msimbo kwa mpangilio ulioandikwa, hawakutani kamwe kwenye uzito, hata mtego ukae mwaka mzima. Hitilafu yetu huzaliwa pale mpangilio unapovunjwa tu.

Kigunduzi kilikuwa kinalinda mlango ambao mwizi hakuupitia.

Upole wa mipangilio ya kawaida

Toleo la 5.17, la mwaka 2022, lilileta kitu ambacho nilikuwa nimesoma habari zake bila kukitilia maanani: uwezo wa KCSAN kuigiza kumbukumbu dhaifu. Ufikiaji wa kawaida uliowekewa mtego hauachiliwi mara moja. Chombo huendelea kuushikilia kana kwamba prosesa imeuahirisha, na kuuangalia tena kila baada ya ufikiaji unaofuata, hadi kazi iishe au hadi kikutane na kizuizi cha kumbukumbu, yaani agizo la kulazimisha mpangilio, kinachokataza uahirishaji huo. Kizuizi kikiwepo, ufikiaji huachiliwa. Kizuizi kikikosekana, mtego hubaki wazi baada ya bendera kupanda, na msomaji akija ananaswa. Uzuri wake ni kwamba haijalishi maunzi yako ni yapi: kompyuta ya x86 isiyobadilisha mpangilio wa maandiko inaweza kuigiza udhaifu wa ARM.

Lakini uwezo huo haufanyi kazi mpaka uwashe hali kali, CONFIG_KCSAN_STRICT, na sisi tulikuwa tumeendesha mipangilio ya kawaida. Ile ya kawaida ina upole wa makusudi. Huchukulia kwamba andiko la kawaida lisilozidi ukubwa wa neno la prosesa halikatiki vipande, na huripoti tu pale inapoona thamani imebadilika kweli wakati wa kusubiri. Naelewa kwa nini. Kerneli ina migongano mingi ambayo watunzaji wake hawaoni haja ya kuigusa leo, na chombo kinachopiga kelele usiku kucha huzimwa asubuhi. Upole huo ulikifanya chombo kikubalike. Hata hivyo nadhani ni kosa kuubeba upole huo hadi kwenye draiva ndogo ya mtu mmoja au wawili, ambako kuna vigeu vichache na kila kimoja kinapaswa kuwa na sababu.

Tulijenga upya kwa hali kali. Ripoti mbili zikatoka, na zote zilitaja uzito.

Ya kwanza ilionyesha andiko la uzito likiwa limeahirishwa, na chini yake mshale mdogo wenye maneno reordered to, ukielekeza mahali andiko hilo lilipohamishiwa: baada ya kupandisha bendera. Ya pili sikuitarajia. Ilionyesha usomaji wa uzito ukiwa umeahirishwa hadi baada ya kushusha bendera, maana yake msomaji angeweza kumruhusu mwandishi aingie kabla hajamaliza kunakili. Huko mkulima angepewa kilo za yule anayemfuata.

Tulibadilisha maandiko yote mawili ya bendera, kupandisha na kushusha, yakawa smp_store_release, inayoahidi kwamba kila kilichotangulia katika msimbo kimekamilika kabla bendera haijaonekana imebadilika. Tukaendesha tena.

Kimya.

Kimya cha pili

"Sasa imekwisha," mwenzangu alisema.

Nilimwuliza kuhusu kitanzi cha msomaji, ambacho bado kilikuwa na READ_ONCE peke yake. Alinijibu kwa hoja ambayo nimeisikia kwa watu wengi wenye akili, nayo ina mvuto: msomaji hawezi kuusoma uzito kabla ya kutoka kwenye kitanzi, na hawezi kutoka kwenye kitanzi kabla ya kuiona bendera. Sharti limesimama katikati. Prosesa itapitaje?

Itapita. Prosesa hukisia kwamba kitanzi kitaisha, hutangulia kuusoma uzito, na ikija kugundua kwamba ilikisia sawa, huitumia ile thamani iliyokwisha kuisoma. Sharti huzuia andiko linalolifuata, kwa kuwa prosesa haiwezi kuonyesha wengine andiko ambalo huenda likafutwa. Usomaji hauzuiliki hivyo. Katika mfumo wa kumbukumbu wa Linux, utegemezi wa sharti hupanga usomaji na andiko linalofuata. Hauupangi usomaji na usomaji.

Kwa nini basi KCSAN ilinyamaza katika hali yake kali kabisa? Kwa sababu ya ukomo ambao maelezo yake yenyewe yanaukiri wazi. Chombo kinaweza kuigiza uahirishaji, kwa kuwa kuahirisha ni kushikilia kitu ulicho nacho mkononi. Hakiwezi kuigiza usomaji uliotangulizwa, kwa sababu wakati kitanzi kinaendelea kuzunguka chombo hakijui bado kwamba usomaji wa uzito utakuja. Hakioni yajayo. Upungufu wa upande wa mwandishi hukamatwa. Upungufu wa upande wa msomaji unaotangulia hupita.

Hapo nikaacha kukiamini kimya cha chombo chochote kimoja, nikafungua folda ya tools/memory-model iliyomo ndani ya msimbo wa Linux tangu mwaka 2018. Ni kazi ya Jade Alglave, Luc Maranget, Paul McKenney, Andrea Parri na Alan Stern: mfumo wa kumbukumbu wa kerneli umeandikwa kama sheria rasmi, na programu ya herd7 inaweza kuzisoma sheria hizo na kupitia mipangilio yote inayoruhusiwa ya jaribio dogo. Haikisii wala haisubiri bahati. Kile kinachoruhusiwa hukitaja, na kile kisichoruhusiwa husema hakitokei.

Niliiandika draiva yetu kama jaribio: nyuzi mbili, vigeu viwili, na swali moja chini kabisa. Je, msomaji anaweza kuikuta bendera ni 1 na uzito ni 0?

Kwa msimbo wa kimya cha kwanza, herd7 ilijibu Sometimes. Nilitarajia.

Kwa msimbo wa kimya cha pili, wenye smp_store_release kwa mwandishi na READ_ONCE kwa msomaji, ilijibu Sometimes.

Mwenzangu aliisogeza kompyuta kwake akaisoma mwenyewe. Kisha akabadilisha neno moja tu upande wa msomaji, READ_ONCE ikawa smp_load_acquire, inayokataza kinachofuata katika msimbo kisiitangulie, akaendesha. Never.

Niliipenda dakika hiyo kuliko ningeweza kueleza kwa urahisi. Hoja ambayo tungeijadili hadi jioni ilimalizwa na jaribio lisilojaza nusu ya skrini, na aliyelimaliza ni yule aliyekuwa akinipinga.

Kuhusu kunyamazisha

Baada ya hapo tulirudi kwenye draiva nzima na kuuliza swali tofauti. Hatukuuliza tena ripoti gani imebaki. Tulipitia kila kigeu kinachoguswa na zaidi ya uzi mmoja tukauliza: nani anaruhusiwa kukiandika, lini, na ni nini kinachomfanya mwingine asubiri? Kwa vigeu vingine jibu lilikuwa kufuli ya kawaida, na tukashukuru. Kwa kimoja hakukuwa na jibu, kwa hiyo tukakiondoa.

Kulikuwa na kihesabu cha sampuli zilizotupwa, ambacho huongezwa na uzi mmoja na kusomwa na faili ya takwimu ambayo fundi huifungua mara chache. Hapo mgongano upo na haudhuru. Fundi akiona 812 badala ya 813 hakuna mkulima anayepunjwa. Kwa kigeu kama hicho kerneli ina data_race(), inayomwambia kigunduzi kwamba tunajua, na ambayo haibadilishi kabisa msimbo unaozalishwa. Tuliitumia hapo, tukaandika juu yake sentensi mbili za sababu.

Ninaliona tendo hilo kuwa la uaminifu kuliko READ_ONCE iliyowekwa ili ripoti itoweke. Anayeandika data_race() anatamka wazi kwamba mgongano upo na anauvumilia. Anayeweka READ_ONCE bila kufikiri anamwambia msomaji wa kesho kwamba hapa pana mbinu ya usawazishaji iliyokusudiwa, kumbe hakuna. Na kuna hasara nyingine isiyoonekana: fikio mbili zikishatiwa alama, kigunduzi hakizihesabu tena kuwa mgongano wa data. Ikiwa mwakani mtu ataongeza mwandishi wa pili mahali ambapo sheria ilikuwa mwandishi mmoja, hakuna kengele itakayolia.

Kwa ajili hiyo ipo ASSERT_EXCLUSIVE_WRITER, na nashangaa kwamba haitajwi zaidi. Ukiiweka karibu na kigeu, unamwambia KCSAN kwamba wakati huu hakuna mwingine anayeruhusiwa kukiandika, awe ametia alama au hakutia. Sheria iliyokuwa kichwani mwa mtu mmoja huwa kitu ambacho chombo kinaweza kukikagua. Tuliiweka juu ya uzito.

Msimbo wa kufuli zenyewe

Swali lililonifuata hadi nyumbani ni la walio chini yetu. Draiva yetu inaegemea smp_store_release, kufuli za kerneli, na katika sehemu moja RCU, iliyoingia katika Linux mwaka 2002. Nani anayezikagua hizo?

Ndani ya msimbo wa usawazishaji wenyewe, karibu kila ufikiaji wa kigeu cha pamoja umetiwa alama, kwa hiyo kwa tafsiri ya kawaida migongano ya data haipo hapo. Hitilafu zake ni za mpangilio, au za sheria kama ile ya mwandishi mmoja. Ndiyo maana McKenney, anayeitunza RCU, haitegemei KCSAN peke yake. Huendesha pia rcutorture, inayoitesa RCU kwa saa nyingi, na huandika majaribio madogo ya mfumo wa kumbukumbu. Kuna hata faili ambazo kigunduzi huambiwa kisizipachike miito yake. Lockdep, ile ya Ingo Molnár ya mwaka 2006 inayokagua mpangilio wa kushika kufuli, ni mojawapo: ikikaguliwa na KCSAN, na KCSAN nayo ikapita katika msimbo unaoiita lockdep, mzunguko hauna mwisho. Wakaguzi wawili wameacha kukaguana ili kazi iende.

Na kuna kundi jingine kabisa. Dirty COW, udhaifu uliofichuliwa Oktoba 2016 na ambao ulikuwa umekaa katika Linux tangu mwaka 2007, ulimwezesha mtumiaji wa kawaida kuandika kwenye faili aliyoruhusiwa kuisoma tu. Ulikuwa mbio, bila shaka, lakini mbio za hatua: kerneli iliamua jambo, uzi mwingine ukaubadilisha ukweli ambao uamuzi ule uliegemea, kisha kerneli ikaendelea na uamuzi wake wa zamani. Mtu anaweza kukifunga kila kigeu kwa kufuli yake na bado akaandika msimbo wa namna hiyo, na kigunduzi cha migongano ya data hakitakuwa na cha kusema.

Sisemi hili ili kukishusha chombo. Tungekuwa bado tunabadilisha betri za mizani kama si hicho.

Ripoti yenye upande mmoja

Rekebisho sasa liko kwenye mashine za vituo vyote tunavyovihudumia, na juu ya kila smp_load_acquire pameandikwa inalingana na smp_store_release ya mstari gani, na juu ya kila smp_store_release vivyo hivyo. Nimeomba kwamba katika karakana yetu kizuizi kisicho na maelezo ya mwenzake kirudishwe kwa mwandishi bila mjadala.

Kerneli ya hali kali tumeiacha ikiendelea kwenye ubao mmoja hapa ofisini, na imetoa ripoti moja ambayo bado hatujaifunga. Inahusu bafa ya printa, sehemu ya kumbukumbu inayobeba data kati ya kerneli na printa. Ina upande mmoja tu: kazi iliyotega mtego, thamani ya zamani, thamani mpya, na maneno race at unknown origin. KCSAN imeona data ikibadilika wakati wa kusubiri bila kumwona aliyeibadilisha, kwa hiyo aliyeibadilisha amepita mahali ambapo kompaila haikupachika mwito. Inaweza kuwa msimbo wa asembli. Inaweza kuwa printa yenyewe inayoandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu kupitia DMA, jambo ambalo linaruhusiwa ikiwa bafa imekabidhiwa kwa kifaa kwa utaratibu wake, na haliruhusiwi ikiwa kerneli bado inaisoma.

Mwenzangu amenionyesha kwamba kuna mpangilio wa kuzima ripoti za aina hiyo, na kwamba zitatoweka zote kwa kuugeuza. Tumekubaliana auache ulivyo. Ameanza kufuatilia miito ya dma_map_single na dma_unmap_single, ya kuikabidhi bafa kwa kifaa na kuirudisha, ndani ya draiva ya printa, na kufikia jana jioni alikuwa amepata njia moja ya makosa, ile ya karatasi kuisha, ambako bafa husomwa na kerneli kabla ya kurudishwa kutoka kwenye kifaa.